Mungu Mbele, Laga Imejaa

"Mungu Mbele" ni maneno yaliyozoeleka kwenye bampa na vioo vya magari yetu, na dereva ukimuuliza maana yake hatakosa jibu: safari ni ya Mungu, mimi nashika usukani tu. Kwenye lami kavu maneno hayo hayamdhuru mtu. Lakini yapeleke Turkana Kusini, pembeni mwa barabara kuu ya A1, kwenye njia za vumbi za kuingia Katilu, siku ambayo laga imejaa na maji ya rangi ya chai ya maziwa yamefunika drifti, ile njia ya zege ya kuvukia, ukingo hadi ukingo. Injini inanguruma. Utingo amevua viatu na kukunja suruali, anatafuta kijiti cha kupimia kina. Abiria waliokuwa wakibishana tangu Kalemngorok wamenyamaza, na mmoja wao anasema kwa sauti ya chini kwamba Mungu yupo. Hapo maneno ya bampa yanageuka kuwa swali linalodai jibu: anayeingiza gari ndani ya maji yale kwa jina la Mungu, anamtumainia au anamjaribu? Nitasema anamjaribu, tena kwa roho zisizo zake. Na kungoja ukingoni, ambako wengi hukuita woga au upungufu wa imani, naona ndiko kulikokaribia ibada.

Tuanze na laga yenyewe, kwa sababu makosa mengi ya kidini kuhusu mafuriko huanza kwa kutoijua. Laga ni mto usiokuwa na maji karibu mwaka mzima. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na hata hizo huja kwa vishindo vichache tu. Siku nyingine zote laga ni mchanga: njia ya mbuzi, uwanja wa mpira wa watoto, na wakati wa kiangazi kisima, kwa maana wanawake huchimba shimo katikati yake, wakishuka chini kadiri ukame unavyozidi, na kuteka kikombe kwa kikombe maji yaliyojificha chini ya mchanga. Halafu saa moja tu inabadilisha yote. Mvua inayoijaza laga mara nyingi hainyeshi pale ilipo. Imenyesha kwenye milima ya Pokot, na kwa laga ya Tarach inayopita Kakuma imenyesha kwenye miinuko ya magharibi, upande wa mpaka wa Uganda. Turkwel wenyewe, mto unaonywesha mashamba ya skimu ya umwagiliaji ya Katilu, unaanzia Mlima Elgon ukiitwa Suam. Kwa hiyo mtu aweza kusimama juani, juu ya mchanga unaochoma nyayo, chini ya anga isiyo na wingu, akafikiwa na maji ya mvua ambayo hakuiona wala kuisikia. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ya Turkana yamezidi methali: hata uliyoyafika hujui wingi wake, kwa sababu sehemu kubwa bado iko njiani inakuja.

Jambo la pili ni kwamba maji hayo ni dua iliyojibiwa. Waturkana humwita Mungu Akuj, jina lenye undugu na neno lao lenye maana ya "juu", na mvua wameihesabu tangu zamani kuwa tendo lake lililo wazi kuliko yote. Makanisa ya Lodwar na Katilu husali kwa jina hilohilo. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nchi kavu za kaskazini mwa Kenya, mifugo ikafa, na watu wakaomba mvua misikitini, makanisani na chini ya miti. Sasa mtu aliyeomba miaka miwili anafika ukingoni, anakuta alichokiomba kimekuja, na ombi lake jipya ni kwamba kimpishe. Sisemi ni unafiki. Ni hali ya mwanadamu kutaka mvua inyeshe shambani na jua libaki barabarani. Lakini inatuonyesha kosa la kwanza la dereva wa "Mungu Mbele": ameifanya safari yake kuwa kipimo cha mapenzi ya Mungu. Laga ikijaa inamtendea mema mwanamke atakayechimba kisima mwezi wa pili kiangazi kikirudi, inawatendea mema mbuzi na mikakaya. Barabara ndiyo iliyokuja baadaye ikalala juu ya njia ya maji. Mwenyeji ni nani hapo, na mgeni ni nani?

Wapo watakaosema mambo haya ya wenyeji na wageni ni ya washairi, na kwamba dereva mwenye uzoefu hushindana na maji kwa akili, hashindani na Mungu. Basi tuhesabu, kwa kuwa akili nayo ni kipaji cha Mungu. Chukua gari dogo la abiria, mfano wa Probox. Bodi yake ina urefu wa kama mita 4 na upana wa kama mita 1.6, yaani eneo la mita za mraba 6.4. Maji yakishapita chini ya gari na kuanza kupanda juu ya usawa wa sakafu, kila sentimita 10 zinalisukuma gari juu kwa nguvu ya kubeba takriban kilo 640, maadamu maji bado hayajaingia ndani. Gari lenyewe, likiwa tupu, lina kilo kama 1,100. Sentimita 20 juu ya sakafu zinatosha kulinyanyua, na ukijumlisha nafasi iliyo chini ya sakafu bado hujafika goti la mtu mzima. Dereva atajibu kwamba yeye amepakia, gari ni zito. Abiria watano wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 350, na kilo hizo zinaondolewa na sentimita tano na nusu tu za maji. Huo ndio uzito wa familia nzima mbele ya laga: kina cha vidole vitatu. Na hapo maji tumeyahesabu kama yametulia. Yakikimbia, nguvu yake ya kusukuma haiendi sambamba na mwendo, maana mwendo ukiwa mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Lori lina uzito zaidi, kwa hiyo linahitaji maji zaidi, lakini sheria inayolitawala ni hiyohiyo, na tena lori halioni kwamba chini ya yale maji ya chai ukingo wa drifti umeshaliwa na zege linaning'inia hewani.

Hesabu hizi hazifahamiki kwa wengi, hilo ni kweli, lakini ujuzi unaohitajika ukingoni si wa shuleni. Mtoto anayechunga mbuzi kando ya laga ile anajua jiwe lipi likizama gari halipiti. Anajua radi zilizocheza jana jioni juu ya milima ya kusini zina maana gani kwa leo. Dereva aliyetoka Eldoret usiku ana ratiba, ana simu ya tajiri inayolia, na mara nyingi ana dharau kidogo kwa mtoto asiye na viatu. Hapa naona swali la kifalsafa ambalo wanafalsafa wetu hawajalishughulikia vya kutosha, nalo ni la ushahidi: neno la nani lina uzito? Tunaamini macho yetu kuliko maneno ya aliye chini yetu, hata pale ambapo macho yetu hayaoni kitu isipokuwa uso wa maji. Anayesema anamsikiliza Mungu lakini hawezi kumsikiliza mchungaji mdogo aliyewekwa palepale ukingoni, sijui anatarajia Mungu aseme naye kwa njia gani.

Utetezi mkubwa wa anayevuka, hata hivyo, ni ushuhuda wake mwenyewe. Nimevuka mara kumi, husema, na Mungu amenilinda mara kumi. Ushuhuda huu una nguvu kanisani na una nguvu kwenye kibanda cha chai, lakini una shimo katikati: wanaoutoa ni waliofika ng'ambo. Waliozama hawaalikwi kutoa ushuhuda. Ukisikiliza waliovuka peke yao, kila mto utaonekana una rehema. Tarehe 4 Desemba 2021, kwenye mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda arusini liliingia kwenye daraja lililofunikwa na mafuriko. Maji yalilisukuma pembeni, likaegemea na kuzama mbele ya watu waliosimama ukingoni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hawa walikuwa watu wa sala, wakiwa na nyimbo za Mungu vinywani, wakienda kushuhudia sakramenti. Anayesema kwamba imani humvusha mtu ana deni la kutueleza habari za Enziu, na sioni njia ya kulilipa isiyowatukana marehemu. Ama aseme imani yao ilikuwa ndogo, jambo ambalo hakuna mwenye haki ya kulisema, ama akubali kwamba maji hayapimi imani. Mimi nakubali la pili. Wala simhukumu yeyote aliyekuwa ndani ya basi lile. Waliokufa hawapo kujieleza, na sisi tunaozungumza tumekaa pakavu.

Tukishakubali hilo, wengi hukimbilia upande wa pili na kusema: basi ilikuwa siku yao, ajali haina kinga. Kati ya methali zetu zote, sina uhakika kama kuna nyingine iliyofunga mashauri mengi kabla hayajaanza. Inafaa kufariji matanga, na huko ndiko iliko kazi yake. Kuitumia kabla ya safari ni kuigeuza faraja kuwa ruhusa. Tena yenyewe haikubaliani na mwenendo wa wanaoisema: dereva anayeamini kwamba siku ikifika huepuki bado anatazama kulia na kushoto kabla ya kuingia A1, bado anabadilisha tairi lililolika. Kadari yake huanzia pale haraka yake inapoanzia.

Swali hili si geni katika dini zetu. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham aliposikia, akiwa mahali paitwapo Sargh, kwamba tauni imeingia huko. Akaamua kurudi. Abu Ubaida, sahaba mkubwa na kamanda wa jeshi, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu, kisha akatoa mfano ambao mchungaji yeyote wa Kakuma au Katilu angeuelewa bila mkalimani: mtu mwenye ngamia akishuka bondeni akakuta upande mmoja una majani na mwingine mkavu, akilisha kwenye majani amelisha kwa kadari ya Mungu, na akilisha kwenye ukavu pia amelisha kwa kadari ya Mungu. Hakuna ukingo wa laga ulio nje ya mamlaka ya Mungu. Aliyevuka yuko mkononi mwake, na aliyezima injini akaketi chini ya mkakaya yuko mkononi mwake vilevile. Basi kadari haiwezi kutumiwa kuchagua kati ya hayo mawili. Imebaki akili, na dhamana ya wale uliowabeba.

Mkristo ataleta pingamizi lenye nguvu zaidi, na ningependa kulikabili lenyewe badala ya lile la Bahari ya Shamu ambalo kila mtu analijua. Katika kitabu cha Yoshua, Yordani ulikuwa umefurika hadi kingoni, na makuhani waliambiwa waingie. Maji hayakusimama kwanza ndipo wakaingia. Walitia nyayo zao majini ndipo yakasimama. Je, huo si mfano wa dereva wetu? Ukisoma kwa makini utaona mambo mawili. Walikuwa na amri iliyotamkwa, na ratiba ya tajiri si amri ya Mungu. La pili ndilo linalonigusa zaidi: watu waliagizwa wakae mbali na sanduku la agano walilobeba makuhani hao, dhiraa elfu mbili, karibu kilomita nzima. Wenye imani walitanguliza miguu yao wenyewe, na wake kwa watoto wakabaki nyuma kwenye nchi kavu mpaka njia ilipoonekana. Hiyo ndiyo maana ya Mungu mbele. Ndani ya matatu hakuna dhiraa elfu mbili. Imani ya dereva na mtoto aliyelala kwenye paja la mama yake kiti cha nyuma vinaingia majini kwa wakati mmoja. Na msomaji wa Waamuzi asisahau mto Kishoni, ambao nao ni wa msimu, laga kwa jina jingine. Sisera, jemadari aliyepigana na Israeli, alikuwa na magari ya chuma 900. Ndivyo Biblia ya Kiswahili inavyoyaita, magari, kana kwamba mfasiri alikuwa amesimama Kainuk. Mto uliyafagia, na Debora akaimba kwamba huo ulikuwa upande wa Mungu.

Kuna pingamizi moja ambalo silitupi kirahisi. Kungoja kuna hatari zake huku kwetu. Barabara kati ya Kainuk na Lokichar imejulikana kwa majambazi wenye bunduki, na Februari 2023 serikali ilituma jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita za Bonde la Ufa, Turkana ikiwemo. Gari lililosimama kando ya laga giza likiingia ni mawindo. Nakiri kwamba dereva aliye kati ya maji na risasi hana chaguo safi, na mtu wa Nairobi anayemwambia angoje tu angetangulia kuja kulala naye hapo. Ila tazama hoja yenyewe imegeuka kuwa nini. Huyu hasemi tena kwamba Mungu atamvusha; anapima hatari moja dhidi ya nyingine, na kupima ndiko ninakokutetea. Akipima kwa haki ataingiza kwenye mizani njia ya tatu, ya kugeuza gari hadi kituo alichokipita, hata kama ni aibu na ni hasara ya mafuta. Mgonjwa naye ni hivyohivyo. Mama mwenye uchungu wa kuzaa ndani ya gari la wagonjwa hawezi kuambiwa asubiri kama gunia la mahindi. Lakini gari likichukuliwa, yeye ndiye wa kwanza asiyeweza kuogelea. Udharura wetu hauyapunguzi maji hata kwa kidole kimoja. Akitokea mtu akavuka peke yake kwa kamba kwenda kumwita mkunga ng'ambo, nitamwita shujaa na sitarudisha neno, maana amechezea chake.

Wengine watasema ninambebesha dereva mzigo wa serikali. Mahali panapostahili daraja pamewekwa drifti, halafu tunafanya uchaji wa Mungu kuwa mbadala wa nondo na saruji. Ni kweli, na A1 kutoka kusini mwa Lodwar kwenda mpaka wa Sudan Kusini ilipojengwa upya kwa fedha za Benki ya Dunia ilionekana wazi kwamba daraja ni jambo linalowezekana Turkana kama kwingineko. Lakini tazama fikra ipi inayoipa serikali usingizi. Kama kila anayezama alikuwa amefikiwa na siku yake, hakuna mhandisi wa kuulizwa. Anayesema laga inaua kwa sababu zinazojulikana, kwa kina kinachopimika, mahali panapofahamika, ndiye anayeweza kusimama mbele ya kaunti na kudai daraja. Sheria ya Trafiki ya Kenya nayo haijui kadari: kifungu cha 46 kinamfunga hadi miaka 10 anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, na sijaona humo nafasi ya kujitetea kwa maneno ya bampa.

Laga nyingi, mvua ikikatika huko juu, hupungua kwa saa chache. Zile kubwa huchukua siku. Muda huo ndio unaoombwa kwa dereva. Nami nina ombi kwa mapadri, wachungaji na maimamu wa Lodwar, Katilu na Kakuma. Mtu akiwaletea gari jipya mlibariki au mliombee dua, kabla ya kunyanyua mikono muulizeni mbele ya mashahidi: laga ikijaa, utangoja? Akisita kujibu, mrudishieni ufunguo wake, aende akafikiri kwanza.